Mama Muuguzi Anajibu: Uvimbe unaoukuta ukimwogesha mtoto

Mwezi huu barua za kikohozi na meno ya kwanza nimeziweka kando. Zimekuja nyingine zinazogusa jambo moja, kansa ya figo kwa watoto, na ya kwanza kati yake haikuweza kusubiri gazeti litoke. Mama aliyeiandika nilimpigia simu siku ileile. Amekubali ichapwe kwa sababu pale parselini kwao, kiwanja wanachoishi hapa Lubumbashi, kuna mama wengi wenye watoto wa umri huohuo.

Jambo mama. Nina mtoto wa kike, ametimiza miaka mitatu. Jumamosi nilikuwa ninamwogesha, nikapitisha mkono wa sabuni kwenye ubavu wa kushoto, nikakuta kitu kigumu. Nikikigusa halii. Anacheza, anakula bukari yake, analala vizuri. Bibi yake anasema ni bandama na anataka tumpeleke kwa mzee mmoja kule mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, amchanje na amkande kwa mafuta. Kituo cha afya walimpa dawa ya minyoo bila hata kumvua gauni. Majirani wamesikia, kila mmoja anakuja kubonyeza atoe hukumu yake. Je, nisubiri kwanza dawa ya minyoo ifanye kazi? – Mama wa Katuba

Binti yangu, tuanze na hao majirani. Kuanzia leo asibonyeze mtu. Si jirani, si bibi, si mwanafunzi wa uuguzi anayetaka kujifunza. Hata daktari atagusa mara moja, polepole, kisha aandike kwenye fishi, kadi ya mgonjwa, ili wenzake wasirudie. Uvimbe wa figo wa watoto hukua ndani ya ganda, na ganda hilo likishatanuka huwa jembamba kama la nyanya iliyoiva. Likipasuka, seli za ugonjwa humwagika tumboni, na mtoto ambaye labda angetibiwa kwa dawa mbili na upasuaji anahitaji dawa ya tatu na mionzi juu yake. Kwa hiyo huko kukanda kwa mafuta ninakukataza kwanza, kabla hata ya chale. Chale nazo sizitaki, wembe wa mzee umepita kwa wangapi kabla ya mtoto wako?

Sasa minyoo. Tumbo la minyoo ni la mviringo, lote, na ukilaza kiganja juu yake linabonyea. Wewe umeniandikia habari ya kitu kigumu upande mmoja. Dawa ya minyoo haimdhuru, lakini haina la kufanya hapo, na kuisubiri ni kupoteza siku. Bibi yeye hajasema upuuzi: kwetu malaria ya mara kwa mara huvimbisha bandama, selimundu pia, na bandama iko kushoto kweli. Kwa kawaida bandama iliyovimba huanzia chini ya mbavu na hushuka mtoto anapovuta pumzi, na uvimbe wa figo hukaa nyuma zaidi, ukijaza ubavu. Lakini hayo ni ya mikono iliyozoea, na hata mikono hiyo hukosea. Ekografi, ile mashine ya kupiga picha ndani ya tumbo, haikisii. Mtoto analala chali, anapakwa mafuta ya baridi tumboni, hachomwi sindano, na kwa muda mfupi daktari anajua kama kitu hicho kimetoka kwenye bandama, ini, utumbo au figo.

Ikiwa kimetoka kwenye figo, kwa umri wake jina la kwanza litakalotajwa ni uvimbe wa Wilms, kwa jina la daktari mpasuaji Mjerumani, Max Wilms, aliyeuandika kwa kirefu mwaka 1899. Kwenye karatasi za hospitali zetu utasomeka nefroblastoma. Ndiyo kansa ya figo inayowapata watoto zaidi ya nyingine zote, na wengi wao hugundulika kabla ya kutimiza miaka mitano. Sisemi kwamba mtoto wako anao. Figo hujaa maji pia mkojo ukizibwa njia, na ziko kansa nyingine za tumbo la mtoto. Ninachosema ni kwamba uvimbe mgumu wa upande mmoja haubishaniwi nyumbani.

Na usidanganywe na kucheza kwake. Huu ndio ujanja wa ugonjwa wenyewe: kwa watoto wengi hauumi. Wachache hukojoa damu, wengine hupanda presha, ndiyo, presha kwa mtoto wa miaka mitatu, wengine huwa na homa isiyo na malaria. Wengine hawana lolote ila huo ugumu, na anayeukuta kwa kawaida ni mama, na sabuni mkononi, kama wewe.

Ukifika mapokezi usiseme "mtoto ana tumbo", watakupa tena dawa ya minyoo. Sema hivi: "Nimekuta uvimbe mgumu upande mmoja wa tumbo, ninaomba ekografi ya figo na ya tumbo lote." Mvue gauni wewe mwenyewe. Nenda hospitali kubwa yenye idara ya watoto na wapasuaji, Sendwe au Cliniques Universitaires, si zahanati ya kona. Na nenda wiki hii. Si ugonjwa wa kuamsha dereva wa taksi saa nane usiku, isipokuwa tumbo likiuma ghafla na kuwa gumu lote, au mtoto akipauka: hapo huenda uvimbe umepasuka ndani, nendeni usiku huohuo.

Watampima presha, na uangalie wamfunge mkanda mdogo wa mtoto, kwa sababu mkanda wa mtu mzima kwenye mkono wa mtoto hutoa namba ya uongo. Watachukua damu na mkojo. Watapiga picha ya kifua, na usishangae, kwa sababu ugonjwa huu ukisafiri hupenda kwenda kwenye mapafu. Mwenye uwezo atafanyiwa skana. Na ombeni wampime mkono kwa ule utepe wenye nyekundu, njano na kijani mnaoujua kutoka siku za kupima kilo. Wauguzi wenzangu mnisikie hapa, kwa sababu jambo hili hupita bila kuonekana. Mzani unapima mtoto pamoja na uvimbe. Uvimbe wenyewe unaweza kuzidi kilo moja, kwa hiyo mzani unasema mtoto ana uzito mzuri wakati nyama ya mkono imekwisha. Utepe ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, huyo ana utapiamlo mkali, na dawa za kansa zitampiga vibaya asipolishwa kwanza, tena akaendelea kulishwa wakati wa matibabu.

Neno la mwisho kwako. Akitokea mtu wa kumpasua mara moja au kumchoma sindano ya kunyofoa kipande, uliza: "Mmeshauriana na daktari wa kansa za watoto?" Kwa uvimbe huu mara nyingi kipande hakichukuliwi kabla, picha na umri vinatosha kuanza dawa. Bibi naye mchukue muende pamoja, aingie chumba cha ekografi, aone kwa macho yake. Bibi aliyeona ndani ni mlinzi mzuri kuliko wauguzi kumi.

(Alikwenda na bibi. Ni figo. Wameanza.)

Mama, heshima kwako. Mtoto wangu wa kiume ana miaka minne, walimkuta na hiyo kansa ya figo. Amepigwa shimio, zile dawa za kansa, wiki nne na tumbo limeshuka, nguo zake za zamani zinamwenea tena. Sasa madaktari wanataka kumpasua na kutoa figo nzima. Mjomba wake anasema mtoto amekwisha kupona, kumtoa figo ni kumlemaza, na pesa zimekwisha. Tena kuna mama muuza dawa amenihakikishia kwamba hiyo shimio inatengenezwa na ua lililo hapa uani kwetu, tukilichemsha itatosha. Nifanye nini? – Baba wa Ruashi

Baba, ninakuandikia wewe kwa urefu kuliko wote, kwa sababu hapa ulipo ndipo ninapowapoteza watu. Si mlangoni. Mlangoni wanaingia na hofu, wanakubali yote. Wanatoweka tumbo likishuka.

Shimio ya wiki nne haikupangwa kuponya. Kwa utaratibu unaofuatwa Ulaya na katika hospitali nyingi za Afrika, mtoto ambaye ugonjwa wake haujasambaa hupewa dawa mbili kabla ya upasuaji, vinkristini kila wiki na aktinomisini mara mbili ndani ya hizo wiki nne. Aliye na madoa kwenye mapafu huongezewa ya tatu, doksorubisini, na hukaa wiki sita. Kazi yake ni kupunguza uvimbe na kukomaza ganda lake, ili mpasuaji aweze kuutoa mzima bila kuupasua. Wamarekani wao hupasua kwanza, dawa baadaye, na matokeo yao ni mazuri pia, lakini huko uvimbe mara nyingi hukutwa ungali mdogo. Yetu hufika mkubwa. Kwa hiyo, Baba, tumbo limeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi, na ndani kumebaki seli zilizo hai. Ukisimama sasa zitaota tena, na zitakazoota ni zile zilizoishinda dawa. Familia hurudi baada ya miezi mitatu au minne, tumbo likiwa limepita lilivyokuwa mwanzo na kikohozi juu yake, na hapo daktari hana tena nafasi aliyokuwa nayo.

Kuhusu figo. Mwambie mjomba kwamba figo hiyo mara nyingi imekwisha kuliwa na kusukumwa na uvimbe, kinachotolewa ni ugonjwa na kilichobaki chake. Ile ya pili ikiwa nzima hutanuka na kubeba kazi ya mbili. Wako watu waliozaliwa na moja wakaijua wakiwa na wajukuu, na wako wanaotoa moja wakampa ndugu. Mtoto wako atacheza mpira, atakwenda shule, ataoa. Atakachohitaji ni kupimwa presha na damu ya figo kila mwaka, kunywa maji, na kutopewa ovyo dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Liandike kwenye fishi yake kwa herufi kubwa, kwa sababu diklofenaki kwetu huuzwa hadi kwenye meza ya sigara. Kwa watoto wachache, kati ya 5 na 10 katika kila 100, ugonjwa unakuwa kwenye figo zote mbili. Hao mpasuaji huwakatia vipande tu na kuacha kadiri awezavyo. Kwako umeniambia ni moja.

Upasuaji wenyewe ni mkubwa, siwezi kukudanganya. Kidonda kinavuka tumbo. Damu iandaliwe mapema, nyinyi ndugu wa kiume mkachangie kabla ya siku, msingoje kuitwa korido usiku. Mpasuaji atoe pia tezi chache za karibu, hata kama kwa macho ni nzima, na vyote vipelekwe maabara. Karatasi ya maabara ndiyo itakayosema kilichobaki. Mtoto mmoja atamaliza kwa wiki nne nyingine za dawa, mwingine ataendelea zaidi ya nusu mwaka, mwingine ataambiwa na mionzi. Uliza mapema mionzi inapatikana wapi. Familia za hapa huvuka Kasumbalesa kwenda Zambia kwa matibabu mengi, na Lusaka kuna hospitali ya taifa ya kansa, lakini usipande basi kabla daktari wako hajapiga simu akahakikisha mashine inafanya kazi na mtoto anasubiriwa. Karatasi ya maabara toa kopi, moja ibaki nyumbani. Nimeona fishi zikipotea na jengo lake.

Sasa yule mama muuza dawa. Amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza. Vinkristini ilitolewa kweli kwenye ua, lile la asili ya Madagaska, la rangi ya waridi au jeupe, petali tano, linalovumilia kiangazi chetu wakati mengine yote yamekauka. Liko uani kwako, liko kwangu pia. Lakini mamia ya kilo ya majani makavu hutoa kama gramu moja ya dawa hiyo, na dozi ya mtoto kwa wiki haizidi miligramu 2, inapimwa kwa ukubwa wa mwili wake. Ukichemsha majani hujui umempa nini wala kiasi gani, na mmea huo una sumu nyingine ndani yake zinazogusa moyo, sukari na presha. Hata hospitalini dawa hiyo ikitoka nje ya mshipa inachoma nyama. Ua lipendeze uani, libaki hapo.

Umeuliza pia kama kweli atapona, ingawa umelificha swali chini ya habari ya pesa. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu wanapona. Kwetu Afrika ni wachache kuliko hao, na sababu si kwamba dawa ni nyingine. Dawa ni zilezile, za zamani. Sababu ni kufika umechelewa, utapiamlo, na kuacha katikati. Mwaka 2014 hospitali kadhaa za Malawi, Ghana, Cameroon, Ethiopia na kwingine ziliungana kutibu uvimbe wa Wilms kwa utaratibu mmoja, zikasaidia nauli na gharama, zikawafuatilia wazazi waliopotea. Walioacha matibabu walishuka kutoka karibu mtoto 1 kati ya 4 hadi karibu 1 kati ya 8, na waliopona wakaongezeka. Nauli, Baba! Na mtu wa kukupigia simu. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2018 liliweka uvimbe huu kati ya kansa sita za watoto za kushughulikiwa kwanza, kwa kuwa unatibika, likitaka ifikapo 2030 angalau watoto 60 kati ya 100 wenye kansa wawe wanapona.

Basi fanya hivi. Kabla ya upasuaji mwombe daktari aandike kalenda yote kwenye karatasi moja: upasuaji lini, dawa za baadaye wiki ngapi, kila mara ni pesa gani, nani wa huduma ya jamii hospitalini mnayeweza kuongea naye. Kisha itisha kikao cha ukoo, mjomba akae kiti cha mbele, karatasi mezani. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Mjomba anayekataa "matibabu" kwa ujumla, ukimpa karatasi yenye tarehe saba za nauli, mara nyingi huchukua mbili yeye mwenyewe, kwa sababu hiyo ni kazi anayoijua.

Mama muuguzi, mimi ni wa Kipushi. Mtoto wangu ana miezi minane. Alizaliwa mkubwa sana, ulimi mnene unatoka nje, kitovu kilikuwa na kasoro wakakishona, na mguu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Daktari wa watoto ametuambia tufanye ekografi ya tumbo kila miezi mitatu mpaka akue. Bwana wangu anasema ni biashara, maana ekografi mbili zote zimekuwa safi. Na kama ni muhimu hivyo, mbona watoto wengine hawapimwi siku ya kupima kilo? – Mama wa Kipushi

Mama, bwana wako ameuliza swali la maana, ila jibu linamgeukia. Watoto wote hawapimwi kwa sababu ugonjwa huu ni nadra, unampata takriban mtoto 1 kati ya 10,000. Ukiwapanga foleni wote wa Kipushi mashine ingechoka na usipate kitu, na kwa wengine ungeona kivuli kisicho na maana ukawatia wazazi hofu ya bure. Kwa mtoto wako hesabu ni nyingine. Ulimi, kitovu, uzito wa kuzaliwa na mguu mmoja kuzidi mwenzake, daktari amevisoma pamoja: ni hali ya kuzaliwa iitwayo Beckwith-Wiedemann, na watoto wake wana hatari ya uvimbe wa figo, na wa ini pia, iliyo juu sana kuliko ya wengine. Wengi wao hawataupata. Wako huenda asiupate kamwe, na ekografi zote zikawa safi mpaka mwisho. Hapo mtakuwa mmenunua mlichokuja kununua.

Kwa nini miezi mitatu? Kwa sababu uvimbe huu hukua haraka. Ekografi safi ya Januari haisemi lolote la Agosti. Mkipima kila miezi mitatu mnaweza kuukuta ungali mdogo, ambapo pengine hata sehemu ya figo inaokolewa. Huendelea hivyo hadi kama miaka saba, baada ya hapo hatari inashuka sana. Tafuta mahali pamoja, ikiwezekana mpimaji mmoja, na utunze picha zote kwenye bahasha moja ili alinganishe.

Nitaje na wengine wa kufuatiliwa hivyo, kwa kuwa gazeti hili linasomwa na wakunga. Mtoto aliyezaliwa jicho halina ile duara ya rangi, weusi mtupu katikati: kwake akiwa na upungufu ule wa kinasaba unaoandamana na kasoro hiyo, karibu nusu hupata uvimbe wa Wilms. Mvulana ambaye korodani hazikushuka na tundu la mkojo liko mahali pasipo pake, hasa akiwa pia na matatizo ya figo. Mtoto ambaye upande mmoja wa mwili umezidi mwingine. Na mtoto ambaye mzazi au ndugu yake aliwahi kuugua, ingawa kurithi ndani ya familia ni jambo la watu wachache sana, kama 1 au 2 kati ya wagonjwa 100. Hawa wote, barua kwa daktari wa watoto, mapema.

Wengine wote mna mikono yenu. Mtoto akiwa majini na tumbo limelegea, pitisha kiganja kilicholala, bila kuchimba kwa vidole. Ukikuta kitu, umesoma hapo juu.

Mimi ni mchimbaji, nimefanya kazi ya kobalti miaka mingi. Mtoto wa dada yangu, tunayeishi naye, ana hiyo kansa. Watu wanasema ni mimi nimeileta na vumbi la nguo zangu. – Mjomba, eneo la Annexe

Ndugu yangu, pole. Uvimbe wa Wilms huanza na seli za figo zilizobaki za kitoto baada ya mtoto kuzaliwa, zile ambazo zilipaswa kukomaa tumboni mwa mama na hazikukomaa. Hakuna vumbi lililothibitishwa kuuleta. Sitasema vumbi la migodi ni zuri: utafiti uliofanywa hapahapa Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta kasoro za kuzaliwa zaidi kwa watoto ambao baba zao hufanya kazi za migodi. Lakini hizo ni kasoro za kuzaliwa, na wewe si baba yake. Nguo za kazi vulia nje, zifuliwe peke yake, oga kabla ya kumbeba mtoto. Fanya hivyo kwa ajili ya watoto wote wa nyumba. Wanaokunyooshea kidole waulize nani kati yao atampeleka mtoto kwenye shimio Alhamisi.

Shikamoo mama. Nina miaka 15, ninamlea mdogo wangu mama akiwa sokoni. Anapigwa shimio. Nywele zimeanguka zote, watoto wa barabarani wanamcheka. Na wiki hii baada ya dawa mpya alikojoa mkojo mwekundu, niliogopa, sikumwambia mama. – Dada mkubwa, Kampemba

Marahaba, mwanangu. Mama mwambie leo, lakini mwambie na hili: ikiwa dawa hiyo mpya ni ile nyekundu, doksorubisini, mkojo wa rangi ya machungwa au mwekundu kwa siku moja au mbili ni rangi ya dawa. Ukizidi hapo, au ukiwa na mabonge, ni damu, arudi hospitali.

Kinachotakiwa kukuogopesha ni homa. Nunueni kipima joto, ni kitu kidogo. Kikisoma 38 na mtoto yuko kwenye shimio, anakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, hata kama anacheka. Dawa zimeangusha askari wa damu yake na maambukizi yanaweza kumwua kwa siku moja. Usimpe parasetamoli ukangoja asubuhi, inashusha namba na kuacha ugonjwa ukiendelea. Tena angalia haja kubwa: vinkristini hufunga tumbo, akipitisha siku tatu sema. Akianza kujikwaa, vidole vya mguu vikiburuta chini, sema. Vidonda vya mdomo, asukutue maji ya chumvi kidogo, uji upoe kabla hajanywa.

Nywele zitaota dawa zikiisha, wakati mwingine laini kuliko za kwanza. Kofia mtafutie ya pamba, ya sufu inawasha kichwa kitupu. Hao wa barabarani mruhusu mmoja wao, yule anayempenda zaidi, aje kucheza naye ndani, wengine watafuata wenyewe. Ila asiwe na kikohozi, na zaidi ya yote asiwe na surua wala tetekuwanga, hizo kwa mdogo wako sasa hivi ni hatari kweli. Ukisikia imeingia shuleni kwenu, mwambieni daktari bila kungoja vipele, na ikikupata wewe, hamia kwa shangazi yako mpaka magamba yakauke.